Kizibao cha Baba Hilary

24 Juni

Naandika nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu kurasa za mbele zimejaa viuno vya watu. Nikimsimulia jirani, kesho mtaa mzima utajua kwamba mke wa Fabian analalamika. Ni kweli nalalamika, lakini afadhali niilalamikie karatasi.

Wiki ijayo msimu wa kuwinda ndege unafunguliwa. Mume wangu ana bunduki moja na leseni yake, na kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akiteremka na rafiki yake Clemensi kwenye vichaka vya chini ya mlima Oldeani kutafuta kwale na kanga. Sijawahi kumzuia. Lakini Septemba iliyopita gololi za bunduki yake zilimwingia Clemensi pajani. Clemensi mwenyewe alikiri akiwa kitandani hospitali: alitangulia mbele ya mstari wa kuwindia, akakatiza mahali asipopaswa kuwapo. Ikaandikwa kuwa ajali. Mguu ulipona nusu, anachechemea hadi leo.

Basi nimetoa sharti. Mwaka huu hakuna atakayetoka kwangu na bunduki bila kizibao cha rangi inayoonekana kwa mbali, yeye na Clemensi wote wawili. Sitaki kumzika mtu kwa ajili ya kwale mmoja wa kukaanga. Mume wangu, Baba Hilary, akasema, "Sawa, Mama Hilary. Ila kizibao nitachagua mwenyewe."

Nikasema sawa. Mimi, fundi cherehani wa miaka thelathini, niliyewaona wanaume wakichagua suruali, nikasema sawa.

27 Juni

Anataka kizibao cha mikanda. Si koti, si fulana. Amenieleza kwa mikono: mikanda miwili mipana ya mabegani, mkanda wa kiunoni wa kubeba uzito, mfuko wa risasi kila upande, na mfuko mkubwa mgongoni wa kutia ndege. Kifua kibaki wazi, jasho lipate pa kupita. Cresensia, anayeuza mitumba kibanda cha pili kutoka kwangu, alimletea kizibao cha wapiga picha chenye mifuko kumi na saba. Baba Hilary alikipapasa mfuko baada ya mfuko mpaka chai yangu ikapoa. Akasema kinalemea shingo.

1 Julai

Msimu umefunguliwa. Ukungu mpaka saa sita mchana. Hakuna aliyekwenda popote.

4 Julai

Rangi ya chungwa hataki hata kuisikia. Anasema ni ya watu wanaotengeneza barabara. Nikaona tusigombane, nikamshonea cha turubai la bluu lililobaki kwenye mahema ya kambi moja ya watalii. Bluu kali, inaonekana. Mikanda niliitoa kwenye begi la mgongoni la mzungu, na klipu zake nzuri za kubofya. Kilimkaa vizuri sana, nasema bila kujisifu.

Jana alikivaa kwenda kukijaribu huko bondeni bila bunduki. Karudi saa tisa, shingo imevimba, mikono imevimba, uso una furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Mbung'o," akasema. "Mama Hilary, umenivalisha mtego wa mbung'o."

Na ni kweli. Vitambaa vya kutegea mbung'o ni vya bluu na nyeusi, kila mtu anavijua, nami ninavyo mbele ya macho yangu kila tunapokwenda kumsalimia mama yake. Kosa ni langu. Lakini mbona yeye hakusema wakati anakijaribu dukani? Alikipapasa tu na kusema kitambaa ni imara.

7 Julai

Leo mnada. Baba Hilary kaenda peke yake, na huko kajinunulia kizibao cha mikanda kwenye rundo la mitumba. Kila alichokitaka kinacho. Mifuko ipo, mkanda wa kiunoni una sponji, mfuko wa mgongoni unafunguka kwa chini ili damu imwagike. Kakivaa hapo hapo, akatembea nacho kifua mbele katikati ya mbuzi na masufuria, mpaka mgambo akamkamata mkono.

Ni cha mabaka. Mabaka ya jeshi!

Nchi nzima inajua raia havai mabaka. Hata kichaa wa stendi anajua. Ilibidi nifunge duka nikamtetee mtu mzima wa miaka sitini na minne, aliyekuwa nyapara wa kahawa kule Oldeani na watu tisini chini yake. Yule mgambo alikuwa mstaarabu, akakichukua kizibao na kumwachia mwenyewe aende.

"Hukuona?" nikamuuliza njiani.

"Nilijua ni cha kijani tu," akasema. Nikamtangulia mpaka nyumbani.

8 Julai

Baridi. Bado nimekasirika.

12 Julai

Nilianza cha khaki. Sikufika mbali. Resiato, Mmasai wa Endulen anayeleta mbuzi mnadani, alipita kuchukua shuka zake nilizozipinda, akaona kazi juu ya mashine.

"Yeyo," akaniita mama kwa Kimasai, "hii ya nani?"

"Ya mzee. Anakwenda nayo kuwinda ndege."

"Usimvalishe mzee hii. Mchungaji akiona khaki inatoka kichakani anajua ni askari wa hifadhi, anahamisha ng'ombe kwanza, kusalimia baadaye. Halafu mzee anabaki porini peke yake, hana hata wa kumwonyesha njia."

Nimekifumua. Bluu imekataliwa na mbung'o, mabaka yamekataliwa na jeshi, khaki imekataliwa na Wamasai. Imebaki chungwa, niliyoisema tangu siku ya kwanza.

16 Julai

Kizibao cha chungwa kimekwisha, na cha Clemensi pia kimekwisha. Nilikaa navyo siku mbili, kila mshono mara mbili. Ukikivaa hapa dukani, mtu aliye mbali kule Rhotia atakuuliza unakwenda wapi.

Baba Hilary kakivaa. Kasema mkanda wa kushoto ni mfupi.

17 Julai

Nimerefusha mkanda wa kushoto. Sasa wa kulia ni mfupi.

19 Julai

Mifuko ya risasi iko juu mno. Nimeishusha.

20 Julai

Jumuiya yetu ya kanisa leo asubuhi ilikuwa kwa Tluway, mwenyekiti wetu. Clemensi alikuja, akakaa karibu na mlango na mguu wake kaunyoosha nje. Mwaka jana mwenyekiti alikuwa yeye. Baada ya ajali watu walianza kusema, mtu mwenye akili timamu hawezi kukatiza mbele ya bunduki, lazima alikuwa amekunywa. Oktoba, siku ya kuchagua viongozi, nilisimama mimi nikasema jumuiya haiwezi kuongozwa na mlevi. Nilisema nilinusa pombe siku tulipokwenda kumwona hospitali. Kusema kweli nilinusa dawa tu, lakini nilikuwa na hasira: mume wangu alikuwa hapati usingizi kwa uzembe wa mtu mwingine. Clemensi hakujitetea. Baba Hilary alikuwa ameketi ubavuni mwangu, naye hakusema kitu.

Leo Clemensi alinisalimia kama kawaida. "Shemeji, maharage yamekauka?" Nikasema bado.

23 Julai

Klipu zinalia. Anasema kwale watazisikia. Ameshinda na kizibao mapajani, anafunga na kufungua, ka, ka, ka, mimi nashona sare za shule.

Nimeweka vifungo vya mbao.

29 Julai

Vifungo vya mbao ni vigumu kufungua kwa vidole vya baridi.

3 Agosti

Upepo umeanza. Vumbi jekundu mpaka ndani ya ugali. Msimu una mwezi mzima na ushei na hajafyatua hata risasi moja. Mfuko wa mgongoni sasa ni mkubwa mno, anasema utamchekesha kila mtu akirudi na kwale wawili. Niliupunguza. Nilimuuliza kama kuna kitu kingine. Akafikiri, akasema mkanda wa kiunoni unafika kwenye nyonga badala ya kiunoni. Nikamwambia kiuno chake ndicho kilichoteremka.

8 Agosti

Nane Nane. Hilary kapiga simu kutoka Arusha akauliza baba ameshapiga wangapi. Nikasema ameshapiga vizibao vitano.

11 Agosti

Clemensi kaja dukani baada ya misa. Nilijua anakuja kuuliza lini wanakwenda, nikamtangulia.

"Muulize rafiki yako. Cha kwako kipo tayari tangu mwezi uliopita, kinaning'inia pale kama bendera. Mwenye kuchagua hajamaliza kuchagua."

Alikishika kile kizibao, akakitazama muda mrefu. "Umeshona vizuri, shemeji."

"Nimeshona vizuri ili uonekane. Wewe ndiye uliyenifanya nishone."

"Ni kweli," akasema. Halafu akasema jambo lililonikera zaidi. "Usimharakishe Fabian. Msimu si lazima."

Miaka ishirini na miwili kila Julai mosi huyu mtu anagonga mlango wangu alfajiri, leo ananiambia msimu si lazima. Nimemrudishia chenji ya uzi alioununua na kumgeuzia mgongo.

14 Agosti

Baba Hilary kamimina chai nje ya kikombe, juu ya kitambaa nilichomaliza kukipiga pasi. Nilifoka. Akasema alikuwa anawaza mambo ya mkanda.

17 Agosti, Jumamosi

Nitaandika yote.

Leo tulikuwa shambani Ganako tukivuna mbaazi. Nilibeba vizibao vyote viwili kwa sababu Baba Hilary alisema anataka kujaribu cha kwake akitembea kwenye majani. Clemensi alikuja kutusaidia, kama anavyokuja kila mwaka hata sasa ambapo simwaliki. Mume wangu akavaa, akazunguka, akavua. Nikamwona anatafuta la kusema. Akasema, "Tatizo ni rangi. Haionekani."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Haionekani?"

"Kwenye majani makavu inapotea. Inakuwa kahawia tu."

Hapo nilichoka. Nilichoka tangu kucha hadi nywele. Nikamtupia Clemensi kizibao chake nikamwambia avae, aende mpaka mwisho wa shamba, akasimame huko. Clemensi akasema, "Shemeji, haina haja." Nikamwambia aende. Akamtazama Fabian, Fabian akatazama chini, Clemensi akaenda. Alitembea polepole na ule mguu wake katikati ya mabua, akasimama peupe, upande wa kushoto wa mti wetu wa mrumba, hatua kama themanini kutoka kwetu. Jua lilikuwa linamwangaza. Aliwaka kama moto wa mkaa.

"Haya," nikasema. "Niambie haonekani."

"Anaonekana, basi," akasema Baba Hilary. "Umeshinda."

"Yuko wapi?"

"Si yuko pale."

"Nionyeshe kwa kidole."

Akanyoosha kidole. Alionyesha kulia kwa mti, kwenye kichuguu.

Nilitaka kumcheka. Nilifungua kinywa nimcheke, halafu nikamtazama usoni. Alikuwa amekunja macho mpaka machozi yanatoka, na kidole bado kimenyooka kuelekea kwenye kichuguu, na Clemensi kasimama peupe, mikono chini, hasogei. Nikampungia Clemensi asogee. Akasogea hatua ishirini. Kidole hakikusogea. Nikampungia tena. Akaja mpaka hatua arobaini, na ndipo kidole kikaanza kumtafuta.

"Baba Hilary," nikasema. "Teremsha mkono."

Akauteremsha. Akakaa chini kwenye mabua, akasema, "Macho yamekwisha, Sabina." Hajaniita Sabina tangu Hilary azaliwe.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwaka juzi, kidogo kidogo. Kwanza alidhani ni ukungu wa asubuhi. Baadaye akaona ukungu hauondoki mchana. Ndiyo maana aliacha kusoma masomo kanisani akasema sauti imekauka, ndiyo maana gari aliliuza akasema mafuta yamepanda, ndiyo maana mimi ndiye ninayesoma ujumbe wa simu yake. Na mimi nilikuwa namwita mvivu.

Halafu nikafika mahali ambapo sikutaka kufika. Nikamuuliza kuhusu Septemba.

"Hakukatiza," akasema. "Alikuwa mwisho wa mstari, pale pale alipotakiwa kusimama. Aliniinulia mkono. Mimi niliona kitu kinatikisika nikajua ni kanga anaruka."

"Na pombe?"

"Clemensi hanywi akiwa na bunduki. Wewe unajua."

Nilijua. Huo ndio ukweli, nilijua hata siku ile niliposimama Oktoba. Clemensi alikuwa amefika karibu yetu, kasimama na kile kizibao, hajui aende au abaki. Nilichukua gunia langu la mbaazi nikaondoka peke yangu kwa miguu mpaka mjini. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba niliogopa nikikaa nitasema maneno ambayo hayarudi.

18 Agosti

Sikwenda misa. Sijaongea na mtu.

19 Agosti

Nilikwenda kwa Clemensi mchana. Alikuwa uani anapukuchua mahindi. Hakuniuliza nimefuata nini, alinisogezea kigoda na gunzi moja la kupukuchulia. Tukapukuchua wote. Baada ya muda nikamuuliza kwa nini alinyamaza mwaka mzima.

"Wangemnyang'anya bunduki, shemeji. Kahawa walishamstaafisha, gari ameuza. Nikasema msimu ujao nitazungumza naye taratibu, aiache mwenyewe. Halafu ukaja na habari ya vizibao, nikaona anachagua, anachagua, nikaelewa anaogopa. Nikasema achague hata mwaka mzima."

"Na wewe wakakunyang'anya uenyekiti."

"Huo ulininyang'anya wewe," akasema. Hakusema kwa ukali. Aliendelea kupukuchua.

Nilimwambia nilisema uongo kuhusu pombe, akasema anajua, yeye ndiye aliyekuwa hajanywa. Nikalia. Akaingia ndani akaniletea maji, kisha akasema Jumamosi jumuiya ni kwetu, nisisahau kuazima viti.

21 Agosti

Tumetoka kwa daktari wa macho. Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari anasema upasuaji wa jicho moja unachukua kama nusu saa, wataanza Oktoba, na kwamba wazee wengi wanaona vizuri baada ya hapo. Nusu saa! Mtu amekaa na giza miaka miwili, amempiga rafiki yake, ameniacha nimchafue mtu asiye na hatia, amenihangaisha na vizibao vitano, kwa kitu cha nusu saa. Nilimfokea kuanzia hospitali mpaka kona ya nyumbani. Alisema aliogopa wakimkuta haoni watasema amezeeka, naye hakuwa tayari kuzeeka.

Bunduki ameipeleka mwenyewe kwa wahusika leo jioni, Clemensi kamshika mkono. Alirudi mikono mitupu na hakujua aiweke wapi.

23 Agosti

Leo kachagua kizibao. Amekubali cha chungwa, bila kurekebisha kitu. Anakivaa akienda dukani na kanisani, kwa sababu bodaboda haoni zikija, lakini bodaboda zitamwona yeye. Watoto wa jirani wanamwita mkandarasi. Mfuko wa mgongoni anatia mkate.

24 Agosti, Jumamosi

Jumuiya ilikuja kwetu watu kumi na tisa, viti havikutosha. Sebule ilijaa mpaka dirishani. Nilimwekea Clemensi kiti karibu na dirisha na kumwambia Baba Hilary, utakapozungumza, mgeukie huko. Lakini Clemensi alichelewa, na Tluway hajui kuacha kiti kitupu, akakikalia. Clemensi alipofika alikaa mlangoni kama alivyozoea. Nilitaka kuwahamisha, sala ikawa imeanza.

Baada ya sala nikasimama mimi kwanza. Nilisema Oktoba nilisema nilinusa pombe, na sikunusa pombe. Nilisema ni uongo, nilisema ni wangu, hakuna aliyenituma. Cresensia alikuwa ananitazama kama mtu asiyenifahamu, naye ni rafiki yangu wa miaka kumi na tano. Nikakaa.

Baba Hilary akasimama. Akashika mgongo wa kiti changu, akageukia dirisha kama nilivyomfundisha.

"Clemensi, ndugu yangu," akasema.

Alikuwa anamwambia Tluway. Tluway akafungua kinywa kumsahihisha, na mimi nikanyanyua mkono nimguse mume wangu, nimgeuze. Clemensi alishaniwahi. Aliinuka kule mlangoni, akapita katikati ya magoti ya watu akiuburuta ule mguu, taratibu, anashika bega la huyu na la yule asianguke, na Baba Hilary anaendelea kusema, anaeleza ile siku, anasema jua lilikuwa wapi, mstari ulikuwa wapi. Clemensi akafika dirishani. Akamgusa Tluway begani. Tluway akainuka akamwachia kiti.

"Ulikuwa umesimama pale ulipotakiwa kusimama," Baba Hilary akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa sioni, na nikawaacha wakuite mlevi."

Akanyamaza, hajui kama yupo anayemsikia.

"Endelea, Fabian," Clemensi akamwambia kutoka kwenye kile kiti ambacho Fabian alikuwa amekigeukia. "Niko hapa."